Sauti Niliyomwekea Mungu

Katika parokia yetu ya Muhumba, mimi ndiye niliyekuwa nikiimba zaburi. Kwaya ilikuwa na waimbaji wengi wazuri, lakini ule wimbo wa katikati ya masomo, ambao mtu mmoja husimama mbele ya mikro na watu wote wakamjibu, ulikuwa wangu tangu nikiwa msichana wa sekondari. Mapadri walibadilika, wapiga kinanda wakabadilika, mimi nikabaki. Niliolewa nikiimba, nikabeba mimba zangu nikiimba, na kila nilipotoka uzazi watu waliniambia kwamba Misa ilikuwa imepooza bila mimi.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilitaje mapema, kwa sababu hasira yangu yote imesimama juu yake. Kabla sijaolewa nilikuwa nakaa Nyalukemba, karibu na parokia, kwa baba yangu mdogo, kwa ajili ya masomo. Siku moja walikuja wanamuziki waliokuwa wakipiga kwenye hoteli za kando ya ziwa. Walikuwa wamenisikia kanisani na walitaka niimbe nao kila mwisho wa juma. Baba mdogo alishakubali kabla hata sijaulizwa. Mimi nikakataa. Niliwaambia sauti hii nimemwekea Mungu. Walicheka, na mmoja wao akasema kwamba Mungu ana waimbaji wa kutosha huko mbinguni. Nilijiona nimefanya jambo kubwa, na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba Mungu naye ameliona na hatalisahau.

Miaka mingi baadaye shingo yangu ilianza kuvimba. Goita si jambo geni kwetu, wanawake wengi wa milimani wanayo na wanazeeka nayo. Yangu lakini ilikuwa inakua kwa ndani na kubana njia ya pumzi. Nikipanda mlima kutoka sokoni ilibidi nisimame njiani mara kwa mara, huku natoa mlio kifuani kama wa mbuzi mgonjwa. Daktari alisema nisipopasuliwa, siku moja nitakosa hewa kabisa. Pia alinieleza kwamba nyuma ya tezi hiyo kuna mshipa mwembamba wa sauti, na kwamba kwa bahati mbaya huweza kuguswa.

Jumapili kabla ya kuingia hospitali, kwaya nzima ilikuja nyumbani kuniombea. Alikuwepo pia kiongozi wa kikundi cha maombi cha parokia, mzee mmoja, papa kama tunavyowaita kwetu, mfanyabiashara wa vitenge, mtu mwenye heshima, ambaye sala zake zilikuwa ndefu na zenye machozi. Aliniwekea mikono kichwani akasema Mungu hatakubali kisu kiguse kitu alichokitoa mwenyewe. Wote wakasema amina. Mimi nilisema amina kubwa kuliko yao.

Nilipozinduka kutoka usingizi wa dawa, mume wangu alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Nilitaka kumwomba maji. Midomo ilicheza, hewa ikatoka, sauti haikuwepo. Alinisogelea akasema nisijisumbue, ni mapema bado. Wauguzi nao walisema ni mapema. Daktari akasema tungoje. Tulingoja mpaka kidonda kikapona na kubaki mstari mwembamba shingoni, nikawa napumua vizuri kama msichana, napanda milima bila kusimama, na bado nikifungua mdomo kilikuwa kinatoka kitu kama upepo unaopita chini ya mlango.

Mwishowe daktari aliniingiza kamera ndogo puani mpaka kooni, akatazama, akamwambia mume wangu, hakuniambia mimi, kwamba upande mmoja wa nyuzi za sauti haukuwa unacheza tena na kwamba labda hautacheza. Alisema haya hutokea. Aliyasema huku anaosha mikono. Nilitaka kumwuliza maswali mengi, lakini alikuwa ametupa mgongo na maji yalikuwa yanamwagika, na mnong'ono wangu haukufika.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jinsi ilivyo kukasirika bila kuweza kupaza sauti. Mtu mwingine akiudhika anafoka, anaita jirani, anamlaumu mtoto, na kitu kinashuka. Mimi yote yalibaki kifuani. Ninafundisha shule ya msingi, darasa la tatu. Siku ya kwanza niliporudi, niliwasalimu wanafunzi wangu kwa mnong'ono, na darasa zima likanijibu kwa mnong'ono. Walidhani ni mchezo. Mama mkuu wa shule aliponipa filimbi ya kuwanyamazishia, nilikuwa naipuliza kwa nguvu mpaka masikio yananiuma, na ninakiri nilikuwa napuliza zaidi ya haja.

Watu wazima nao walifanya vilevile. Muuza sambaza sokoni nikimuuliza kwa mnong'ono, ananong'ona naye, kama vile tumeiba hao samaki pamoja. Majirani walinong'ona. Mume wangu alinong'ona hata pale tulipokuwa peke yetu jikoni. Siku moja nilimgonga mkono na mwiko nikamwambia kwamba yeye hakupasuliwa, aseme kama mtu. Alicheka, kisha akaona sicheki.

Kiongozi wa kikundi cha maombi hakuniacha. Kila Jumatano alasiri nilikwenda kwenye sala zao katika ukumbi wa parokia, nikapiga magoti katikati, wakaniwekea mikono. Nilifunga chakula. Nilifanya kila nilichoambiwa. Kisha Jumatano moja, katika kipindi cha Pasaka, yule papa alifumba macho kwa muda mrefu, akafumbua, akasema amepokea neno.

"Maman, siku ya Pentekoste utaimba zaburi. Mungu iko anasema hivyo. Jitayarishe."

Wamama walipiga vigelegele. Neno hilo lilifika parokia nzima kabla mimi sijafika nyumbani.

Nilijitayarisha. Nitamwambia nini mtu ambaye hajawahi kungoja kitu namna hiyo? Nilifua sare ya kwaya nikaipiga pasi. Nilijifunza zaburi ile upya ingawa niliijua usingizini. Kila asubuhi nilijaribu sauti yangu nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba, na kila asubuhi ilikuwa upepo uleule, na kila asubuhi nilijiambia kwamba Mungu hafanyi kazi mapema, anafanya siku aliyosema. Mpiga kinanda aliniuliza kwa upole kama amtayarishe mtu mwingine wa akiba. Nilimkatalia. Niliona kwamba kuweka mtu wa akiba ni kumwambia Mungu simwamini.

Pentekoste kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya somo la kwanza nilipanda mbele ya mikro. Kinanda kilianza, nikavuta hewa, nikafungua mdomo. Mikro ilichukua pumzi yangu ikaipeleka kwenye vipaza sauti vyote, na watu wote wakaisikia, ile hewa tupu, kubwa, ikizunguka kanisani. Mpiga kinanda alianza tena. Nilijaribu tena. Alipoanza mara nyingine nilimtazama kiongozi wa maombi kwenye benchi la mbele. Alikuwa amefumba macho na kuinua mikono. Kisha waimbaji wenzangu, kwa huruma yao, wakaichukua zaburi wakaiimba pamoja, na watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi. Sijawahi kupigwa kofi usoni, lakini sasa najua inavyokuwa.

Sikurudi kwenye kiti changu. Nilishuka, nikapita katikati ya watu, nikatoka mlangoni na sare yangu, nikateremka barabara mpaka nilipoona ziwa. Nilikaa juu ya jiwe nikamwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu pale hawakugeuka hata mmoja, kwa kuwa hawakusikia kitu.

Juma lile yule papa alikuja nyumbani. Mume wangu alimpa kiti, mimi nikaleta chai kwa kuwa mgeni ni mgeni. Alisema amesali sana juu ya jambo langu na ameonyeshwa kizuizi. Alisema kulikuwa na shaka moyoni mwangu. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti yake tamu, kama kuna mtu ambaye sijamsamehe.

Nilianza kumjibu. Akainamisha kichwa, akasogeza sikio.

"Maman, sikusikii."

Nilichukua sahani ya bati iliyokuwa mezani nikaipiga juu ya meza mpaka vikombe vikaruka. Akashtuka. Nilisimama, nikazunguka meza, nikaweka mdomo wangu karibu kabisa na sikio lake nikamwambia: "Mimi niliamini kila neno. Wewe ndiwe ulisema. Sasa toka kwangu." Alimtazama mume wangu, akitegemea, nadhani, kwamba mwanaume atasahihisha. Mume wangu aliinuka akamfungulia mlango.

Tangu hapo niliacha kanisa. Jumapili asubuhi, majirani wakipita na nguo zao safi, mimi nilikuwa uani nimeinama kwenye beseni nafua mashuka. Nyumba yetu haiko mbali na parokia, na nyimbo zilikuwa zinanifikia. Nilijua kila wimbo, nilijua hata ni nani ameanza juu kuliko anavyoweza. Nilifua kwa nguvu mpaka vidole vikachubuka. Sikuacha kuamini kwamba Mungu yupo. Ingekuwa rahisi zaidi. Mtu asiyekuwepo huwezi kugombana naye, na mimi nilikuwa nagombana naye kutwa nzima.

Likizo ilipofika nilikwenda Mudaka kwa mama yangu. Ni mjane, analima maharagwe na mihogo, na ndiye aliyenifundisha kusali. Alikuwa amesikia habari zote. Siku ya kwanza alinipa jembe tukaenda shambani. Siku iliyofuata, tukiwa tumeketi ukingoni mwa shamba tunakula mihogo ya kuchemsha, alikuwa analalamikia kuku wa jirani wanaofukua mbegu zake, kisha bila kubadilisha sauti akaanza kusema juu ya ndugu zangu.

Nilizaliwa baada ya watoto wawili waliokufa wadogo, kwa ugonjwa, katika msimu mmoja. Nilijua hilo, lakini kwetu halikuwa linazungumzwa. Mama alisema baada ya kumzika wa pili alikaa miaka bila kuimba kanisani hata wimbo mmoja, bila kufumba macho wakati wa sala. Alikwenda kila Jumapili, akaketi mbele, amekunja mikono.

Nilimuuliza alikwenda kufanya nini basi.

"Nilikuwa naenda kumuonyesha uso yangu," alisema. "Sikutaka asahau. Ningebakia nyumbani, angeona benchi tupu tu, angefikiri haya yameisha."

Nilimuuliza kama Mungu alimjibu. Alitafuna, akameza, akasema hapana. Alisema alinipata mimi baadaye, lakini mimi si jibu la wale wawili, mtu hajibiwi mtoto kwa mtoto, na akifika huko mbinguni atawaulizia.

Nilimkasirikia hata yeye. Nilimwambia, kwa mnong'ono uliokuwa unakatika, kwamba miaka yote alinifundisha kuwa Mungu huwapa wanaomwomba, na hakuniambia hata siku moja kwamba yeye mwenyewe aliomba akanyimwa. Kwa nini alinificha?

"Ulikuwa mutoto," alisema. "Na ulikuwa unaimba muzuri sana. Ningekuambia nini?"

Tulirudi kupalilia. Tulipalilia mpaka jua lilipozama, na nilikuwa bado na hasira naye tulipoagana.

Lakini Jumapili niliyorudi mjini nilivaa kitenge changu, si sare ya kwaya, nikaenda Misa. Niliketi karibu na nguzo, upande ambao wazee hukaa. Watu walinigeukia. Nilikunja mikono. Waliposimama nilisimama, walipoimba nilinyamaza, na walipopeana amani niliwapa mkono kwa sababu wao hawakunikosea. Nilikomunika nikiwa na hasira. Padri wetu alikuwa ameniambia katika maungamo, muda mfupi baada ya kupasuliwa, kwamba kumkasirikia Mungu si dhambi ya kuungamwa, akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajui la kunieleza. Katika watu wote walioniambia neno, ndiye peke yake aliyekiri kwamba hajui.

Nilikuwa nimekaa hivyo miezi kadhaa nilipopata habari ya binti mmoja. Alikuwa ameingia kwaya nyuma yangu, ndiye aliyepewa kuimba zaburi, msichana mrefu, mwanafunzi wa chuo cha uuguzi. Shingo yake nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Nilikuwa nimeona mwenyewe kutoka kwenye nguzo yangu jinsi alivyokuwa anakata mistari katikati kutafuta pumzi. Daktari alimpangia kupasuliwa. Na yule papa wa maombi akamwambia asiende.

Alilitangaza wazi baada ya Misa, uwanjani, watu wakiwa wamesimama kusalimiana. Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alimwambia yule binti na mama yake kwamba wamtegemee Mungu peke yake. Akasema tumeona katika parokia hii hii mtu aliyekimbilia kisu badala ya kungoja uponyaji, na tumeona alichopoteza.

Zamani kosa lilikuwa shaka yangu. Sasa lilikuwa kisu. Yeye mwenyewe alikuwa amekibariki kisu hicho sebuleni kwangu.

Nilimwendea. Sikumbuki nilivyopita kati ya watu, nakumbuka kwamba nilishika mkono wake wa koti. Nilianza kusema, na aliye karibu akasema nyamazeni, na wa nyuma yake akasema nyamazeni, mpaka uwanja mzima ukanyamaza, kwa sababu bila hivyo nisingesikika. Sijawahi kupata ukimya wa namna hiyo hata nilipokuwa naimba.

"Ulikuja kwangu ukasali juu ya kisu hicho," nilimwambia. "Ukasema Mungu atalinda sauti. Hakulinda. Ukasema nitaimba Pentekoste. Sikuimba. Basi sema mbele ya batu kwamba hukujua."

Alisema njia za Mungu ni za siri.

"Kama ni za siri, usizitangaze."

Kisha niligeuka kwa yule binti. Nilimwambia mimi nilipoteza sauti, na ni kweli ninailia kila siku, lakini ninapumua, na ninapanda mlima, na watoto wangu wana mama. Nilimwambia aende kwa daktari. Asali anavyotaka, lakini aende. Mama yake alikuwa analia. Yule papa alitoa mkono wake kwenye vidole vyangu, akanyoosha koti, akaondoka. Wako waliosema baadaye kwamba nilimvunjia heshima mtumishi wa Mungu. Ni kweli, nilimvunjia.

Binti alipasuliwa katika hospitali ileile. Na sauti yake ikabaki.

Nilipoambiwa nilisema Mungu asifiwe, kama inavyotakiwa, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilifurahi kwa ajili yake, hilo naapa. Lakini pale kitandani nilimwuliza Mungu swali moja tu, kumbe anaweza? Basi alikuwa anaweza. Ilikuwa nafuu kidogo nilipodhani kwamba mambo haya hayamo mikononi mwake, kwamba mkono wa daktari huteleza tu. Sasa alikuwa amemlinda huyu, chini ya taa zilezile, na mimi alinitazama akaacha. Nilikuwa namwambia hivyo huku napiga godoro kwa ngumi, na watoto wangu nje ya mlango walikuwa wanacheza bila kujua lolote.

Jumapili aliyorudi kwaya, alisimama mbele ya mikro akiwa na kitambaa shingoni. Sauti yake ilikuwa nyembamba bado, ikitafuta njia. Akafika juu, ikafunguka. Watu walilia. Nilikuwa kwenye nguzo yangu nimekunja mikono kwa nguvu hivi kwamba kucha ziliniingia. Watu wote walimjibu kwa wimbo, na mimi nilitikisa midomo pamoja nao. Sijui kama ilikuwa sala. Ilikuwa nafasi yangu ya kujibu, nikaijibu.

Jioni ile, jua likiwa bado halijatua, alikuja kwangu na mama yake. Walileta kapu la maharagwe na ndizi za kupika. Mama yake aliketi na mume wangu sebuleni, binti akanifuata jikoni nilikokuwa nasonga bugali. Alisimama karibu na mlango akiwa ameinamisha macho.

"Maman, munisamehe," alisema. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, na nilimshukuru kwa hilo.

Niliuliza amekosa nini.

"Sijue. Wakati naimba niliwaona Maman pale kwa nguzo. Nikasikia aibu."

Niliweka mwiko chini. Nilimsogelea ili anisikie vizuri, nikaona mshono wake, mwekundu bado, mahali palepale wangu ulipo.

"Usiombe musamaha," nilimwambia. "Wewe hukunikosea kitu. Neno langu liko na Mungu, na yeye anajua mahali naketi kila Jumapili. Wewe imba."

Alilia kidogo, nami sikumzuia. Kisha nilimpa ashike sufuria, maana bugali ilikuwa imeanza kuungua upande mmoja, nikamaliza kuisonga, tukapeleka chakula mezani wote tukala.